Mke Wangu Alikataa Kunipikia

Wagonjwa wa tumbo tunajuana kwenye benchi la hospitali. Hatukai katikati. Tunakaa pembeni, upande wa njia ya kwenda choo, na popote tunapofika macho yanatafuta mlango ule kabla ya kutafuta watu. Miezi michache iliyopita nilikuwa kwenye benchi hilo hapa Bunia, nangoja vidonge vyangu, na karibu nami alikaa mama mmoja aliyemleta mume wake. Aliniangalia, akanikumbuka nilivyokonda zamani, akaona mashavu yamerudi, akauliza, "Papa, bibi yako alifanyaka nini mpaka ukapona?" Nikamwambia sijapona, ugonjwa wetu hauponi, unatulia tu. Lakini swali lenyewe sikulijibu. Mume wake aliitwa, wakaingia ndani, nikaondoka na swali lake. Hili ndilo jibu. Ni refu, na sehemu yangu ndani yake si nzuri.

Mimi nauza sufuria na mabeseni. Nilihamia Bunia kutoka Butembo nikiwa kijana, nikimfuata dada yangu mkubwa, Katungu, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Mke wangu anaitwa Kavira. Nilimwoa kwao Komanda, na tangu tulipopata mtoto wa kwanza watu wote wanamwita Mama Neema. Ni mtu wa maneno machache. Mimi ni mtu wa kelele, nabishana na wateja mpaka wanasahau walichokuja kununua. Kila mwezi nilipanda gari kwenda Ariwara, mji wa soko karibu na mpaka, kuchukua mali, na nilijiona mwanaume kamili.

Ilianza mwishoni mwa kiangazi. Tumbo la kuendesha, nikasema litapita. Bunia nzima ni madaktari wa amiba, kila jirani ana jina la dawa. Nikanywa ya amiba, nikanywa ya minyoo, nikanywa ya tifoide mara mbili. Mvua zilipoanza nilikuwa nakwenda choo mara kumi na tano kwa siku, na ninachotoa ni damu. Mkanda wa suruali niliutoboa matundu matatu mapya kwa msumari.

Tulikaa familia nne kwenye kiwanja kimoja, na choo ni kimoja. Watu wanaoishi nasi hawaandikiwi dawa, lakini ugonjwa wanaushiriki. Neema, wakati huo ana miaka kumi na minne, alijifunza kutambua mlio wa babushi, ndala zangu. Zikipiga haraka, anakimbia mbele yangu kugonga mlango wa choo na kumwomba aliye ndani atoke. Fikiria msichana wa umri huo, mbele ya vijana wa kiwanja, anaomba watu watoke chooni kwa ajili ya baba yake. Hakunilalamikia hata siku moja. Nilidhani haoni aibu. Baadaye sana ndipo nikajua alikuwa anaona.

Kavira alichana vikwembe, vitenge vyake vya zamani, akanitengenezea vitambaa vya kuvaa ndani. Alivifua mwenyewe kila asubuhi, kabla majirani hawajatoka, akavianika chumbani kwetu ili mtu asivione. Mvua ikizidi haviwezi kukauka, basi anavikausha kimoja kimoja kwa pasi ya makaa. Safari ya mwisho niliyokwenda Ariwara nilijichafua ndani ya gari, katikati ya watu, na dereva akanishusha nikajioshe kwenye mfereji. Mwezi uliofuata nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia Kavira kwamba naogopa, naye akanitangulia. "Niko naenda miye," akasema, na akaenda.

Hakuwa amewahi kununua mali ya jumla. Nilimpa mafundisho mengi, yeye anaitikia tu. Alirudi na sufuria ambazo hakuna iliyovuja. Kumbe mimi miaka yote nilikuwa natazama mng'ao, na yeye alizigonga moja moja kwa kidole akisikiliza. Nilifurahi, na niseme ukweli, nilichukia pia kidogo.

Hapo ndipo Katungu alipokuja na neno lake. "Mudogo yangu," akasema, "hii hapana ugonjwa ya opitali. Hii ni karuho." Karuho ni sumu ya polepole. Kwetu watu wengi wanaamini mtu anatiliwa kwenye chakula au kinywaji, ikamla ndani kwa ndani hata mwaka mzima. Katungu hakusema kwa ubaya. Alikuwa analia. Alinipeleka kwa mtu anayejulikana kwa kutoa karuho, nikanyweshwa majani machungu, nikatapika mpaka nikaona nyota mchana. Yule mtu akachungulia beseni, akatikisa kichwa, akaniuliza, "Nani anakupikiaka?"

Nikasema, "Bibi yangu."

Nilisema hivyo tu. Sikuongeza kwamba ni mke wangu wa miaka kumi na sita, wala kwamba anafua damu yangu kila asubuhi. Yule mtu akanyamaza, Katungu akanyamaza, na mimi nikanyamaza nao. Siku ile ile nilihamia kwa Katungu, mtaa wa Mudzipela, nisile tena kwa Kavira. Wakati nafunga mfuko wangu, Kavira alikuwa jikoni na mlango uko wazi. Alisikia kila neno tuliloongea na Katungu. Hakutoka.

Ndugu msomaji, kama una ugonjwa huu utatafuta mtu wa kulaumu, kwa sababu tumbo haliwezi kujieleza. Na aliye karibu zaidi ni yule anayeshika mwiko. Mimi nilimlaumu kimya kimya, na kimya changu kilitosha kwa mji mzima.

Kwa Katungu nilipokewa kama mtoto. Alinipikia sombe, majani ya muhogo, yenye mawese mengi, maharagi, samaki wa ziwani na pilipili, kila alichokumbuka kwamba nilikipenda utotoni. Watoto wake walihamishwa chumba kwa ajili yangu na wakawa wanaomba choo kwa majirani. Nilikula ili kumfurahisha, na nilizidi kuisha. Miguu ikaanza kuvimba. Nikisimama, ukuta unazunguka.

Kavira hakuacha kuja. Kila asubuhi alifika mlangoni na beseni, anatoa vitambaa safi, anachukua vichafu. Chakula alikatazwa kuleta, hakuleta. Ndani hakukaribishwa, hakuingia. Aliniuliza umeamkaje, nikamjibu vizuri, basi. Halafu anakwenda kufungua duka.

Juma la sita alikuja saa za mchana, na beseni lake halikuwa na vitambaa safi. Aliliweka katikati ya kiwanja, akaondoa kitambaa cha juu, na chini yake vile vichafu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti karibu na mlango. Nilitamani ardhi inimeze.

"Yaya Katungu," akaita, kwani kwetu yaya ni dada mkubwa, "kuya uone."

Katungu akatoka jikoni na mikono ina unga. "Nione nini?"

"Majuma sita huyu bwana hajakula kitu ya mukono yangu. Hata maji. Si ni weye unamupikiaka?"

"Ni miye."

"Basi angalia damu. Hii ni ya jana na leo. Kule kwangu haikufikaka hivi. Miye njo nafulaka, miye najua." Akalisogeza beseni karibu naye. "Kama ni sumu, ni nani iko anatia sasa?"

Katungu aliinama juu ya beseni, akaangalia kwa muda mrefu, kisha akakaa chini kwenye vumbi, na unga wake mikononi.

"Miye siko nakushitaki," Kavira akamwambia, na sauti yake ikashuka. "Unamupenda, najua. Lakini atakufia hapa, na kesho watasema ni weye. Sitaki wakuseme vile walinisema. Tumupeleke ku opitali."

Nimeyafikiria maneno yale mara nyingi. Alikuwa na haki ya kumwaibisha dada yangu mbele ya kiwanja kizima, akaitumia nafasi ile kumlinda. Katungu alisimama, akanawa, akajifunga kikwembe safi, akaenda mwenyewe barabarani kusimamisha pikipiki.

Hospitalini kila mgonjwa ana *garde-malade*, ndugu anayekaa naye, anamwosha, anampikia na kulala sakafuni karibu na kitanda. Mimi nilikuwa na wawili. Daktari, kijana mpole, aliniuliza damu imeanza lini na inatoka mara ngapi. Nikasema, "Kidogo tu, daktari, si kila siku." Hata pale niliona haya. Kavira alikuwa amesimama nyuma. "Miezi nane," akasema. "Kwanza ilikuwa nyuzinyuzi. Kisha mabonge. Tangu mvua za pili za mwaka ni kila mara, na juzi ilikuwa damu tupu." Daktari aliacha kuniangalia mimi, akamgeukia yeye, na kuanzia hapo alimuuliza yeye. Wakanipima, wakaniongezea damu. Ya Kavira haikukubaliana na yangu, ya Katungu ikakubali, na akatoa bila kuuliza mara mbili.

Jina la ugonjwa tulilipata baadaye, ng'ambo ya mpaka, walikotutuma kwa kipimo cha kamera. *Rectocolite*. Utumbo mpana una vidonda, na hakuna aliyevitia. Nilipotafsiriwa maneno hayo nilimtafuta Kavira kwa macho. Alikuwa anakunja shuka.

Lakini narudi nyuma kidogo, hospitalini Bunia. Siku niliporuhusiwa kula, wali laini na mchuzi mwepesi, Katungu alichukua sufuria mpaka uani, pale *garde-malade* wanapopikia, akaiweka mbele ya wifi yake. Alitaka kutengeneza mambo. "Mama Neema, mupikie bwana yako."

"Hapana, yaya," Kavira akajibu. "Nitamuosha. Nitamufulia. Nitalala hapa chini hata mwezi. Kupika, hapana."

Hakukasirika, hakupandisha sauti. Nilimsikia kupitia dirisha na nikajua kwamba hilo halitabadilika kwa kubembelezwa.

Nikarudi nyumbani kwetu kiangazi kilipokuwa kikali. Dawa zilifanya kazi haraka, lakini zilinibadilisha. Uso ulivimba nikawa siwezi kujitambua kwenye kioo, njaa haiishi, na hasira ziko juu ya ngozi. Nilimfokea mtoto kwa sababu ya kijiko kuanguka. Kavira alinivumilia yote hayo. Alihesabu vidonge vyangu, akanisimamia nisiruke hata siku moja, akaendelea na duka na Ariwara, na huko ndiko alikovuka mpaka kuninunulia vile vya manjano ambavyo nameza mpaka leo. Alipika kwa ajili yake na watoto. Sahani yangu haikuwemo.

Mwanzoni Katungu alikuwa anavuka mji kila siku na chungu. Nikamhurumia, nikaamua kujipikia. Nimeuza sufuria miaka kumi na minane na sikujua wali unataka maji kiasi gani. Watoto walicheka. Kavira aligeuza uso, lakini mabega yalikuwa yanatikisika, na siku ile nilikula wali wangu ulioungua nikiwa na furaha.

Nilimwomba msamaha chumbani, mara tatu. Mara ya tatu akanijibu.

"Papa Neema, nilisha kukusamehe. Lakini jina yangu iko wapi? Uliniacha mu kinywa ya watu. Mama yangu kule Komanda hapana kuimba tena mu korali, juu wamama wanasema binti yake ni mutia sumu. Weye unaniomba musamaha hapa, mu chumba, mlango ya kufunga. Enda useme kule."

Kwetu mtu akimsingizia mkewe neno zito kama hilo, anapeleka mbuzi kwa wakwe na kusema kosa lake mbele yao, amesimama. Nililijua hilo. Lakini Komanda ni zaidi ya kilomita sabini, barabara mbovu, na siku nyingine inafungwa kwa sababu ya usalama. Tangu nijichafue ndani ya gari la Ariwara sikuwa nimetoka nje ya mji. Nikasema tumbo halijatulia. Nikasema tungoje barabara iwe salama. Kiangazi kikaisha, na wakati huo nilikuwa nakwenda choo mara nne tu. Sababu zangu zilikuwa za uongo na wote wawili tulijua.

Aliyenitoa ni Neema. Alirudi shuleni siku moja na karanga zake zote kwenye mfuko, hazijaguswa. Nikamuuliza mbona hajala. Akaniambia kwamba wasichana wa darasa lake wanachangia vitu vyao wakati wa mapumziko, kila mmoja anatoa chake, na vyake hakuna anayevigusa. Alisema hivyo bila kulia, huku anavua viatu vya shule. Kisha akauliza, "Papa, ni kweli mama alikutiliaka sumu?"

"Hapana," nikasema. "Kamwe."

"Sasa juu ya nini hukusema?"

Kesho yake nilinunua mbuzi.

Katungu hakualikwa. Alifika asubuhi ya safari amevaa kikwembe chake cha kanisani, akasimamisha pikipiki ya tatu nyuma ya mbili tulizokodi, akapanda bila kuomba ruhusa. "Ni miye nilianza," akasema, na hapo hakuna aliyembishia. Kavira alikuwa amepanga njia nzima. Aliwauliza madereva ni wapi kuna nyumba, ni wapi kuna choo, akaweka suruali mbili za ziada kwenye mfuko pamoja na vitambaa. Tulisimama mara nne. Mara ya tatu palikuwa na mama anayechoma mahindi kando ya barabara. Aliniona ninavyotembea, akanyoosha kidole nyuma ya nyumba yake kabla sijafungua mdomo, na nilipotoka nikakuta amenitekea maji ya kunawa. Sijui jina lake. Namwombea.

Kwa baba mkwe walikuwa wamekaa wakitungoja, yeye na mama mkwe, wajomba wawili na wamama wanne wa korali, ambao nafikiri mzee aliwaita kwa makusudi. Mbuzi akafungwa. Nikasimama. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, na nilipoanza tu sentensi ya kwanza, "Baba, nimekuja kwa sababu ya kosa," tumbo likakata.

Nilibaki nimesimama na jasho. Mzee akaniangalia. Ni mtu mkali, na nilitegemea aseme neno kali.

"Enda, mutoto yangu," akasema. "Siye tutangoja."

Nikaenda. Niliporudi walikuwa wamekaa vile vile. Nikaendelea, nikafika mahali pa yule mtu wa majani, nikakatika tena, nikaenda tena, na tena wakangoja. Jua lilikuwa limepanda katikati. Mara ya tatu nilisema mpaka mwisho. Nikasema kwamba Kavira hakunitilia kitu. Kwamba ugonjwa una jina na madaktari wameuona kwa macho. Kwamba nilipoulizwa nani ananipikia nilimtaja nikanyamaza, na nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshamfikiria vibaya moyoni. Nikasema yeye ndiye aliyefua damu yangu, akalisha watoto wangu, akanitoa kwenye kifo mchana kweupe akiwa na beseni. Nikawaambia wamama wa korali warudi nalo kanisani neno hili, kama walivyopeleka lile. Katungu naye akasimama, akasema, "Ni miye niliita karuho. Nilidanganyika. Munisamehe."

Mzee akamgeukia binti yake. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Kavira akainuka, akakaza kikwembe kiunoni, akaingia jikoni kwa mama yake. Mimi nilikaa nimeangalia miguu yangu. Wajomba walimchinja mbuzi, moshi ukaanza kupanda, wamama wa korali wakainuka mmoja mmoja kwenda kumsaidia kumenya na kuteka maji, na mchana ukapita. Alipotoka jioni alikuwa amebeba sahani kubwa ya bugali na nyama kwa ajili ya watu wote, na sahani ndogo ya wali laini na mchuzi. Hiyo ndogo akaiweka mbele yangu.

Kwetu aliyepika ndiye anayeonja kwanza, akiangaliwa na watu, ili kuonyesha chakula hakina kitu. Kavira aliinama kuchota kijiko. Katungu akamshika mkono. Akachukua kile kijiko, akachota kwenye sahani yangu, kijiko kilichojaa, akatia mdomoni, akatafuna, akameza mbele ya wote. Machozi yalikuwa yanamtoka, na uso wake ukakunjamana.

"Haina chumvi," akasema.

"Dokotere alikataza chumvi," Kavira akamjibu. "Rudisha kijiko, yaya. Bwana yangu ana njaa."